Nusu ya Zaburi

Sisi wa Ipole hatuna milima. Tuna msitu, mizinga ya nyuki na vichuguu, na kichuguu kikubwa kuliko vyote unamaliza kukizunguka kabla hujamaliza kusalimiana na mwenzako. Lakini zaburi tunayoiimba kuliko zote inaanza na mtu anayeinua macho kutazama milima, akijiuliza msaada wake utatoka wapi. Mwalimu Silasi, anayetuongoza kanisani kwetu Moraviani, alitueleza kwamba Wayahudi wa kale waliiimba wakiwa njiani kupanda Yerusalemu kwenye sikukuu. Mama yangu aliposikia hivyo akasema, kumbe ni wimbo wa wapagazi. Hakuna aliyembishia, maana baba yangu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na mama alijua mpagazi ni mtu gani.

Hivyo ndivyo zaburi ilivyoingia barabarani. Zamani, msafara ukitoka kijijini, wanawake waliusindikiza mpaka kwenye kona ya mninga, pale njia ya zamani ya Tabora inapopotelea msituni, wakauimbia. Ukirudi waliuimbia tena palepale. Walipobatizwa hawakuiacha kona. Waliacha wimbo tu, wakaweka zaburi mahali pake. Na kwa kuwa safari ina kwenda na kurudi, zaburi wakaikata katikati. Nusu ya kwanza, ya milima na ya Mlinzi asiyesinzia, ni ya kumfungulia njia anayeondoka. Nusu ya pili, ya jua la mchana na mwezi wa usiku, na ya kulindwa mtu anapotoka na anapoingia, ni ya kumfungia njia aliyerudi. Wamisheni walipotusikia tukiimba nusu nusu walidhani tumesahau maneno.

Kuna masharti yake. Wanaoondoka pamoja ni msafara mmoja, hata wakiwa wengi, na nusu ya pili haiimbwi mpaka wa mwisho wao aonekane kwenye kona. Tena msafara mwingine haufunguliwi njia kabla ule wa kwanza haujafungiwa. Wazee walisafiri kiangazi, wote kwa pamoja, na kabla ya mvua walikuwa wamerudi, kwa hiyo sharti hilo halikumsumbua mtu. Anayeanzisha ni mmoja tu. Alikuwa mama yangu, kisha nikawa mimi, Nyamizi, mke wa Kornel mrina asali. Mtu akisema huu ni ushirikina, na aseme. Mimi nilibatizwa kabla yake.

Mwaka wa arobaini na mbili niliwafungulia njia vijana wetu waliochukuliwa jeshini. Kornel alikuwa ameshakufa. Walikwenda kwa mstari mmoja kama wapagazi, kwa sababu pale kwenye mninga njia ni nyembamba. Tobias, mwanangu, alitangulia. Nyuma yake alikuwa Mahona, rafiki yake tangu walipochunga mbuzi pamoja, kisha wengine. Anayefunguliwa njia hageuki nyuma, na Tobias hakugeuka. Niliona kisogo chake tu, na hicho kisogo nakikumbuka vizuri kuliko uso wake.

Kabla vita havijaisha, akaja tarishi wa mtemi. Alisema bomani Tabora wamepata habari kwamba Tobias amekufa Burma, na amezikwa hukohuko. Nilimpa maji akanywa. Kisha nikaendelea kutwanga, maana mtama ulikuwa kinuni na ndege walikuwa wanaungoja.

Sikulia. Watu walikuja kukaa nami, wakanitazama, wakangoja nilie ili na wao walie, na mimi nikawa nawapikia uji. Walipochoka wakarudi makwao. Nilijua kabisa kwamba mwanangu amekufa, sikuwa mjinga. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba Nzega kuna ng'ombe. Asali niliila, nikaona ni kitu cha kunata tu. Mvua ilininyeshea shambani nikasahau kwenda kujificha. Na watu wa Ipole, kwa huruma yao, wakaacha kuniita Mama Tobias, wakaanza kuniita Mama Tekla, jina la binti yangu mdogo. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikukataa.

Kisha vita vikaisha, na vijana wakaanza kurudi. Wa kwanza alipoonekana tulikwenda kwenye kona, tukampokea kimya, kwa kuwa wenzake walikuwa bado. Wa pili hivyohivyo. Wa mwisho kurudi alikuwa Mahona. Alisimama chini ya mninga akiwa na sanduku lake la bati kichwani, akingoja. Wanawake wakanigusa mkono nianze. Walikuwa wamekwisha kupatana wao kwa wao kwamba, kwa kuwa Tobias amekufa, wa mwisho ni Mahona.

"Wa mwisho si huyu," nikasema.

Mahona alipita mbele yetu ameinamisha kichwa. Tangu siku ile akawa akiniona huku anapita kule, na hata kanisani alitafuta nguzo ya kukaa nyuma yake. Sikumchukia. Sikuwa na kitu cha kumchukia nacho.

Basi njia ikabaki wazi. Mwaka ukapita, na mwingine, na hakuna mtu wa Ipole aliyefunguliwa njia. Vijana waliokwenda kutafuta kazi Tabora waliondoka kama wezi wa kuku, alfajiri, bila kuaga. Wazee wa kanisa walikuja kunisihi. Mmoja akasema nimezuia kijiji kizima kwa ajili ya mtu mmoja. Nikamwambia kijiji kina miguu, kiende. Mwingine akapendekeza mwanamke mwingine aanzishe, lakini wanawake wenyewe walikataa, kila mmoja akaogopa kuimba juu ya njia iliyo wazi. Hawa wote walikuwa wakijua Katekisimu kwa moyo.

Januari iliyofuata Tekla aliolewa na Justus, kijana wa kwetu aliyepata kazi kwenye karakana ya reli. Justus alitangulia Tabora, akapata chumba Isevya, akatuma salamu kwamba baada ya Pasaka mkewe amfuate. Tekla ni mtu wa kucheka. Zaburi ya nusu nusu aliicheka tangu utotoni, akasema Mungu atachoka kungoja tumalizie. Kwa hiyo nilishangaa alipokuja kunipigia magoti jikoni, siku chache kabla ya Juma la Mateso, akaniomba nimfungulie njia.

Nikamwambia njia haijafungwa bado, sasa nitafunguaje kilicho wazi. Akajaribu maneno yote aliyokuwa nayo. Akasema anakwenda kwenye nyumba ya watu, atazaa huko, hajui atazaa vipi. Nikamwambia ninajua. Kisha akaniita mama kwa lugha ya kwetu, akasema polepole.

"Tobias amekufa, mayu. Mimi niko hai, na mimi ndiye nisiyeimbiwa."

Nilijua neno lile lilipaswa kuniuma. Nililingoja liume kama mtu aliyejikwaa anavyongoja maumivu yafike. Halikuuma. Nikachochea moto, nikamwambia maharage yako tayari.

Juma lile, kwa desturi yetu Wamoraviani, tulikusanyika kila jioni kusomewa mateso ya Bwana, ya siku ile kwa siku ile. Alhamisi Mwalimu Silasi alisoma habari za karamu ya mwisho, alipofika pale walipokwisha kuimba wakatoka kwenda mlimani, akafunga kitabu. Mwalimu Silasi si msemaji mzuri. Anakohoa katikati ya sentensi, na akitaka kusema jambo zito hutazama taa. Jioni ile aliitazama taa sana.

Alisema watu wale waliimba zaburi, maana hizo ndizo nyimbo za sikukuu yao. Bwana mwenyewe alikua nazo. Utotoni alipanda Yerusalemu pamoja na wazazi wake, na bila shaka aliimba kama walivyoimba wote, ile ya milima ikiwamo. Kwa hiyo Alhamisi usiku Bwana aliimbiwa, akatoka. Mlinzi asiyesinzia alikwenda kulala kaburini kama watu wengine wanavyolala. Lakini Jumapili alipoingia, ni nani aliyekuwa amesimama kwenye kona? Walikuja wanawake wenye manukato, wanamtafuta maiti wa kumpaka. Wakaona kaburi wazi, wakatetemeka, wakakimbia, wasimwambie mtu. Hakuna aliyemwimbia nusu ya pili.

"Ndiyo maana sisi tunaamka gizani siku ya Pasaka na kwenda makaburini," Silasi akaiambia taa. "Kanisa linakwenda kumwimbia Bwana nusu iliyobaki. Naye ndiye kirangozi, yule anayetangulia msafara. Kirangozi akionekana, na wa nyuma wanakuja."

Watu wote walijua anasema na nani, wakatazama magoti yao kwa adabu. Mimi nilisikia kila neno. Nikaona ni maneno mazuri, yamepangwa vizuri, na yako mbali. Nje nilimngoja Silasi afunge mlango.

Nikamwambia, "Mwalimu, kwetu njia haifungwi kwa kumwona wa kwanza. Inafungwa kwa kumwona wa mwisho. Wangu hajaonekana."

Alikohoa, akahamisha taa kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Nilidhani ataniletea mstari mwingine, maana hiyo ndiyo kazi yao.

"Mama Tekla," akasema. "Nina Pasaka tu."

Nikamheshimu kwa hilo, nikaenda kulala.

Jumamosi ni siku ya kusafisha makaburi. Makaburi yetu yako kando ya njia ya zamani, mahali peupe, ukisimama hapo unaiona kona ya mninga vizuri. Wanaume wamelala upande wao na wanawake upande wao, kama tunavyokaa kanisani, na kila mtu anafagia makaburi ya watu wake na kuyanyunyizia mchanga mweupe. Nilifagia kaburi la Kornel. Pembeni yake waliwahi kuacha nafasi, kisha wakamzika mzee mmoja wa mizinga, mtu mwema, sina neno naye. Wenye watoto makaburini walikuwa wakizungumza na watoto wao huku wakifagia. Mimi nilimaliza mapema.

Niliporudi nyumbani sanduku la Tekla halikuwapo. Jirani yangu Batuli, mke wa mwalimu wa Kurani, ambaye anaona kila kitu na hasemi mpaka umuulize, aliniambia lori la Mfaume limepita. Mfaume ni mfanyabiashara wa Tabora anayekuja kununua nta, na Pasaka kwake ni siku kama siku nyingine. Tekla amepanda juu ya magunia. Amelia sana, Batuli akasema, kisha akaniangalia kuona nitafanya nini.

Nilimshukuru, nikaingia ndani. Kitandani kwake alikuwa ameacha ile khanga yangu aliyozoea kuiazima bila kuomba, ameikunja vizuri. Nikakaa karibu nayo. Nilijaribu kuwaza kwamba mwanangu wa pili naye ametoka, na kwamba huyu ametoka kwa mdomo wangu uliofungwa, kama yule alivyotoka kwa mdomo wangu uliofunguliwa. Niliwaza hivyo kwa maneno. Maneno yakaja, yakakaa, yakaondoka. Jioni sikupika, kwa sababu hapakuwa na wa kumpikia.

Alfajiri tarumbeta ya kanisa ikalia, nikaamka na wengine nikaenda. Giza lilikuwa bado, majani yalikuwa na umande mzito wa mwisho wa masika. Tulisimama katikati ya makaburi tumeelekea mashariki. Wale vijana wa vita walisimama pamoja, kama walivyozoea, na Mahona nyuma yao. Mwalimu Silasi alisubiri mpaka weusi wa msitu ukaanza kuonyesha miti, akasema kwamba Bwana amefufuka. Tukajibu kwamba amefufuka kweli. Nilijibu na mimi, mdomo unajua.

Jua likatokeza. Watu walikuwa wakijiandaa kwa wimbo wa Pasaka, wanatafuta sauti. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kona, mahali yanapokwenda yenyewe kila ninapoyaacha. Na chini ya mninga palikuwa na mtu.

Msinifanye mwendawazimu. Sikudhani ni Tobias. Nilimjua kwa mwendo wake kabla sijamjua kwa lolote, namna anavyotupa mguu wa kushoto. Alikuwa Tekla, na sanduku kichwani, na tope mpaka magotini. Alikuwa anarudi kutoka njia ambayo hakuna aliyemfungulia. Hakuna sharti linalosema mtu kama huyo aimbiwe nini. Sikufikiri sharti. Mtoto wangu alikuwa anaingia, na mdomo wangu ukaanza.

Nilianza ile nusu ya pili, ya jua na ya mwezi. Sauti ilitoka mbaya, imekauka, kwa kuwa haikuwa imetumika. Wanawake waligeuka wakanitazama. Kisha mmoja akaona ninakotazama, akadaka, na wengine wakadaka, na Mwalimu Silasi akafunga kitabu chake cha ibada akaweka mkono mdomoni.

Ndipo Mahona akatoka. Alipita katikati ya makaburi ya wanaume, akaruka mtaro, akaenda barabarani kwa haraka kumlaki Tekla. Wenzake wa vita wakamtazama, kisha wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wamerudi tangu zamani, wameoa, wamelima, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameimbiwa. Mimi ndiye niliyewaacha njiani miaka yote ile na sikuwahi kuwafikiria. Walifika nyuma ya Tekla wakajipanga kwa mstari mmoja, kama walivyoondoka, na mstari ukaanza kuja.

Tekla alikuwa mbele. Nyuma yake palikuwa wazi, nafasi ya mtu mmoja. Kisha Mahona, kisha wengine. Tekla alipochelewesha hatua kwa uchovu, Mahona naye alichelewesha, na ile nafasi haikupungua. Nilikuwa naimba mahali pa kutoka na kuingia. Niliitazama ile nafasi ikija, ikipita mahali pale nilipoona kisogo, ikizidi kukaribia, na ikaingia makaburini mwetu pamoja nao, na sote tukamaliza zaburi.

Tekla alitua sanduku. Alisema lori lilikwama mtoni, Mfaume akasema wangoje kukuche walisukume, na yeye akakaa juu ya magunia ya nta akaona hawezi kwenda mbele. Alisema hayo akicheka na kulia. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mahona, ambaye hakwenda nyuma ya mtu wala nguzo. Alikuja mpaka mbele yangu, akainama.

"Shikamoo, Mama Tobias."

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Na pale pale nikasikia miguu yangu. Ilikuwa imelowa umande na ilikuwa na baridi kali, sijui tangu saa ngapi. Nikasikia njaa. Nikasikia jina la mwanangu likishuka ndani yangu kutoka mahali lilipokuwa limetundikwa, na likauma, likauma sana, na nikalia mbele ya watu wote mpaka Tekla akanishika nisianguke. Walioningoja nilie tangu mwaka ule wakapata nafasi yao, wakalia na wao. Mwalimu Silasi alituacha tulie, kisha akaanzisha wimbo wa Pasaka kwa sauti yake mbovu.

Jumatatu Mfaume alilitoa lori lake topeni, akatuma mtu kusema anamngoja Tekla ng'ambo ya mto. Tulimsindikiza mpaka kwenye mninga, wanawake wote, na Batuli akaja pia, akasimama kando na mtandio wake. Nilimfunga Tekla ile khanga kiunoni, nikamwambia ni yake sasa, asiniibie nyingine.

Alikuwa ameshikilia sanduku, hataki kulipandisha kichwani.

"Na nikirudi nisikukute, mayu?" akaniuliza. "Nani atanifungia?"

Nilimfikiria Tobias huko Burma, na kwamba sijui ni nani aliyesimama kwenye kona upande ule alipoingia. Kwa muda mrefu nilidhani hakuna, kwa kuwa mimi sikuwapo. Ni kiburi cha mama, kudhani koo la kuimbia ni lake peke yake.

"Nikitangulia mimi, nitakuwa kule na kaka yako," nikamwambia. "Nikikuona tu, naanza. Haya, nenda, usigeuke."

Akapandisha sanduku kichwani. Nikainua macho kutazama ile milima tusiyokuwa nayo, nikamfungulia njia.